Jumapili Tatu za Nyandwi

Kwenye kilio cha Nyandwi, kule Runingu, mhubiri alisema kwamba Mungu hakumpangia marehemu kwenda mbali na masomo. Alisema kwa upole, na watu wakaitika amina. Mimi sikuitika. Nilikuwa nimekaa karibu na jeneza, naiona mikono ya marehemu, mikono yenye nyufa ya mwanamke aliyelima mpunga tangu ujana wake, nikawaza kwamba Mungu anasingiziwa. Kulikuwa na nafasi moja katika chuo kikuu kimoja cha Bukavu, nafasi hiyo ilikuwa yake, na kulikuwa na mtu aliyesema neno kwa mtu ambaye hakupaswa kuambiwa. Mtu huyo ni mimi. Nilifika mwaka wa sita wa sekondari na nikaanguka mara mbili katika mtihani wa serikali, kwa hiyo anayesoma asitafute hapa maneno mazuri. Nitaandika mambo yalivyokuwa.

Namna Nyandwi alivyovuka kutoka Burundi mpaka akafika nyumbani kwa Shangazi Tabita, si habari ya hapa. Mwaka ninaousimulia yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi ishirini na mmoja, na tulikuwa tunalala kitanda kimoja katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Shangazi, mtaa wa Kimanga, hapa Uvira. Chumba kilikuwa na dirisha dogo linalotazama ziwa. Chandarua chetu kilikuwa na matundu mengi, na Nyandwi aliyafunga moja moja kwa uzi mweusi, kwa hiyo ukilala chali ulikuwa unaona vifundo juu yako kama nzi waliotulia. Nusu ya chumba ilikuwa ya magunia ya ndagala, kwa sababu Shangazi aliuza samaki wakavu sokoni. Nguo zetu zote zilinuka ndagala, hata zile za Jumapili. Nyandwi alikuwa anasema kwamba siku akiolewa, bwana harusi ataletwa na paka.

Shangazi Tabita alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Alichokisikia asubuhi sokoni, saa sita soko zima lilikuwa limekisikia, na jioni sisi tulikisikia tena kikiwa kimenenepa. Lakini roho yake ilikuwa safi. Aliweka sahani ya sombe, majani ya muhogo, katikati ya mkeka, akaiongeza mawese, akakata bugali kwa kijiko cha mti, na kipande cha kwanza kilikwenda kwa Nyandwi, si kwangu niliyekuwa mtoto wa kaka yake. "Weye umezoea," aliniambia. "Huyu bado yuko na njaa ya kule." Mimi alinikataza kusimama kwenye meza yake ya sokoni tangu siku nilipomwambia mteja kwamba ndagala za chini zina mchanga. Mteja alikuwa ameuliza, nami nilijibu. Tangu hapo Shangazi aliniita Mizani, na jina likaenda mpaka kanisani. Watu wakibishana juu ya jambo walisema: "Muulizeni Mizani, yule hadanganyaki." Nilikuwa najivunia jina hilo kuliko nilivyopaswa.

Kanisani Nyandwi alikuwa na kazi isiyofanywa na mwingine. Mabenchi matano ya upande wa kushoto yalikuwa ya Warundi, wengi wao wazee wasiojua Kiswahili vizuri, na kila Jumapili Nyandwi alisimama kando ya pasta akitafsiri mahubiri kwa Kirundi. Pasta akiinua mkono, naye aliinua. Pasta akinong'ona, alinong'ona. Siku moja pasta alikohoa katikati ya sentensi na Nyandwi, bila kufikiri, akakohoa pia, na kanisa zima likacheka mpaka pasta mwenyewe akapangusa macho. Jumamosi alipanda gari kwenda tawi letu la Luberizi kufundisha watoto shule ya Jumapili, na akirudi alinisimulia mashamba kabla ya kunisimulia watoto. Alikuwa amepasi mtihani wa serikali mara ya kwanza tu, mtihani ule ule ulioniangusha mimi, na alitaka kusoma kilimo. Alirudi na udongo umefungwa kwenye karatasi za daftari, akaupanga dirishani. "Onja huu," aliniambia siku moja. Nikaonja, nikatema. "Chumvi," akasema kwa furaha, kama mtu aliyemkamata mwizi. "Ndiyo maana mpunga wa pale unageuka njano. Wanasema shamba limerogwa. Iko chumvi tu, Faida! Kuna namna ya kuiosha, lakini lazima mtu ajifunze."

Mwaka ule njia ya Luberizi ilikuwa na bariyeri. Kabla ya kupita, watu wa bariyeri walitazama karatasi za kila abiria. Nyandwi alikuwa na karatasi ya mkimbizi, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Jumamosi moja walimshusha, gari likaondoka, wakamkalisha kando ya njia tangu asubuhi mpaka jua linataka kuzama. Alirudi ngozi ya uso imeungua. Tulipokaa kula alituigizia yule mtu wa bariyeri, kitambi mbele, mikono nyuma: "Hii karatasi yako ni ya kufungia karanga."

"Na weye ulimujibu nini?" Shangazi akauliza.

"Nilimuuliza karanga ziko wapi."

Tulicheka sana. Kisha nikaona kwamba Nyandwi hakuwa amegusa chakula. Shangazi aliona pia. Alisukuma sahani kando akasema: "Inatosha. Watu wanaandikisha karte za kura pale shuleni. Muntu akiwa na ile karte, bariyeri inafunguka. Kesho tunakwenda. Tutasema uko mtoto wa kaka yangu, mdogo yake Faida. Ulizaliwa kwetu Makobola."

"Mizani atakubali kusema hivyo?" Nyandwi akauliza, akinitazama. Alikuwa anatania nusu tu.

Nilikubali. Kwa asiyekuwa na cheti chochote, walitaka watu watatu wa kumshuhudia. Tulikwenda mimi, Shangazi, na fundi mmoja wa mbao, jirani yetu aliyesali kanisa lingine na aliyehamia Kalemie muda mfupi baadaye. Tulisimama foleni tangu asubuhi, tukila mikate ya mafuta. Zamu yetu ilipofika, mwandikaji aliniuliza bila kuinua kichwa: "Huyu ni nani kwako?" Nikasema: "Ni mdogo wangu." "Alizaliwa wapi?" "Makobola." Basi. Ulikuwa uongo mkubwa wa kwanza wa maisha yangu, na ulichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Nyandwi akapigwa picha, akapewa karte yake ingali na moto wa mashine. Njiani alinishika mkono akaanza kuniita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Yaya, nibebee mfuko. Yaya, niko na kiu. Yaya, baba yetu alikuwa anafananaje?" Nilicheka mpaka nikaketi chini. Sikujisikia mwenye dhambi hata kidogo siku ile. Nilijisikia kwamba nimempata mtu. Jumamosi iliyofuata bariyeri ilifunguka.

Miezi michache baadaye pasta alisoma barua kutoka kwa kanisa rafiki la ng'ambo. Walikuwa wanatoa burse, yaani malipo ya masomo ya chuo kikuu mpaka mwisho, pamoja na chumba na vitabu, kwa kijana mmoja wa kanisa letu. Masharti yalikuwa wazi: awe amekimbilia nchi isiyo yake, awe na diploma ya serikali, na awe anatumika kanisani kwa ushuhuda wa wazee. Pasta alipomaliza kusoma, watu wote waligeuka kumtazama aliyekuwa anatafsiri. Nyandwi alikuwa ameinamisha kichwa, anatafsiri masharti hayo kwa sauti ndogo.

Nyumbani alikaa kitandani na ile barua iliyonakiliwa, akaisoma, akaikunja, akaisoma tena. "Yaya," akasema, "na ile karte?"

Shangazi alikuwa mlangoni akichambua ndagala kwenye ungo. Alijibu yeye. "Karte ni ya njia, burse ni ya shule. Nani atayaweka pamoja?"

"Wakiuliza?"

"Wakiuliza utaonyesha karatasi yako ya karanga. Hiyo ndiyo ya kweli. Weye si mukimbizi?"

Ilikuwa kweli. Nimelifikiria jambo hili miaka yote na bado naona kwamba Shangazi alisema kweli. Nyandwi hakudanganya katika maombi yake hata mstari mmoja. Aliandika mahali alipozaliwa, mto aliovuka, mabenchi matano ya kushoto na watoto wa Luberizi. Kamati ya wazee ilikaa mara moja tu, ikamchagua.

Kanisa letu lina desturi ambayo wageni huistaajabia. Jambo kubwa la mtu halifanyiki mpaka limetangazwa Jumapili tatu, kama ndoa. Anayeteuliwa kuwa shemasi hutangazwa, anayetumwa safari ya kanisa hutangazwa, na mwenye neno juu yake anapewa muda wa kwenda kwa mzee wa kanisa kabla ya Jumapili ya tatu kuisha. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza pasta alisimama akasema: "Tunamtangaza dada yetu Nyandwi kwa mara ya kwanza." Na Nyandwi, kwa kuwa ndiye mtafsiri, alilazimika kujitangaza mwenyewe kwa Kirundi. Alijaribu kusema jina lake, akacheka, akaanza upya. Mabenchi ya kushoto yakalipuka kwa vigelegele. Nyuma yangu mama mmoja aliyechelewa kuingia alimuuliza mwenziye: "Wanamtangaza na nani?"

"Na vitabu."

"Basi heri yake. Huyo bwana hanywi pombe."

Jumapili ya pili ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa mzee mmoja wa Kirundi alileta jogoo. Shangazi alimshonea Nyandwi sketi ya kitambaa kizito kwa ajili ya baridi ya Bukavu. Kila aliyekuja kununua ndagala aliambiwa habari ya burse kabla ya kuambiwa bei. Na mimi? Nilifua nguo za Nyandwi, nikazikunja, nikamsaidia kufunga vitabu. Usiku nilimsikia akipumua karibu yangu na nikawaza kitanda kitakavyokuwa kikubwa. Nilikuwa na huzuni, na ndani ya huzuni kulikuwa na kitu kingine nisichotaka kukitazama. Yeye alipasi mara moja, mimi nilianguka mara mbili. Yeye aliyekuja bila viatu alikuwa anaondoka, mimi wa hapa nilikuwa nabaki na magunia.

Kati ya Jumapili ya pili na ya tatu kulikuwa na juma la toba, maana siku ile ya tatu ilikuwa pia ya Meza ya Bwana. Kwetu, asiyetubu hali mkate wa Meza hiyo. Kila mtu humwendea mzee mmoja wa kanisa, akamwambia linalomlemea. Mimi nilimwendea Mzee Yosia. Sebule yake naiona mpaka leo: viti vimefunikwa vitambaa vyeupe vilivyodariziwa na mkewe, maua ya plastiki yamepangwa juu ya redio, na kikombe cha chai ya mchaichai alichoniwekea mbele yangu kabla sijakaa. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Alikuwa pia mwandishi wa kamati ya burse, naye ndiye angeandika barua ya mwisho kwa wafadhili. Nilijua hivyo. Sitaki kusema hapa kwamba sikujua.

Nilimwambia: "Mzee, nilisema uongo siku ya kuandikisha karte."

"Uongo gani?"

"Uongo tu."

"Mwanangu Faida," akasema, "kutubu siyo kutaja jina la dhambi. Ni kuitoa nje yote."

Ningeweza kukomea pale. Ningeweza kusema nimeongeza umri, na angeniombea, na ningekwenda zangu. Lakini nilikuwa Mizani. Nilitaka kula Meza ya Bwana na moyo mweupe, na nilikuwa nimezoea kuwa mtu anayejibu akiulizwa. Nikasema yote: Makobola, mdogo wangu, mashahidi watatu. Mzee Yosia alikiweka kando kikombe changu.

"Sasa umenitwika," akasema. "Burse hii ni ya mtu asiye na nchi hapa. Minye, Yosia, nitaandika kwamba Nyandwi ni mgeni, nikatia mkono wangu, na huku najua kwamba ameshika karte ya raia?"

"Si lazima uandike, Mzee. Nimekuja kutubu dhambi yangu tu."

"Ndiyo. Ulichotubu ni chako. Nikinyamaza, kitakuwa changu."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Sikuwahi kumchukia mtu yule, hata baada ya yote. Alifanya kama mimi nilivyofanya, akauweka moyo wake mweupe kwanza. Aliniombea, akaniwekea mkono kichwani, nikatoka. Naona aibu kuandika kinachofuata, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilirudi nyumbani mwepesi. Nilikula bugali nyingi kuliko siku zote, na Shangazi akasema toba imenifungua tumbo.

Jumamosi wazee walimtuma mtu kumwita Nyandwi ili wamweleze kwa siri. Hawakumkuta. Alikuwa Luberizi, anawaaga watoto aliowafundisha, akalala huko, na Jumapili asubuhi alitoka garini akaja moja kwa moja kanisani, sketi mpya mwilini na vumbi miguuni, pasta akiwa ameshaanza. Hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia neno. Alipanda akasimama mahali pake kando ya pasta. Nilimwona pasta akimtazama, akamtazama Mzee Yosia, kisha akatazama karatasi yake. Nadhani alifikiri kwamba kukatisha ibada ni vibaya zaidi. Akasoma.

"Ndugu zangu, juu ya jambo la dada yetu tuliyemtangaza Jumapili mbili."

Nyandwi akatafsiri. Alikuwa anatabasamu.

"Kumetokea neno."

Akatafsiri. Tabasamu lilibaki usoni, lakini halikuwa na kitu tena.

"Imeonekana kwamba ana karte ya raia wa nchi hii."

Kanisa lote lilingoja. Watu wa mabenchi ya kushoto walikuwa wamenyoosha shingo, wakimtazama yeye, maana bila yeye hawakujua kinachosemwa. Aliwatazama, akawaambia. Alisema polepole na vizuri, hakuruka neno.

"Kwa hiyo kwa masharti ya burse hii, yeye si mgeni. Jambo limesimama."

Akatafsiri hilo pia. Akawatafsiria watu waliovuka naye mto kwamba yeye si mgeni. Mzee yule wa jogoo aliinuka, akauliza kitu kwa Kirundi kwa sauti kubwa, na wenzake wakacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Pasta akauliza: "Anasema nini?" Na Nyandwi, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake, akageukia upande wetu akasema kwa Kiswahili: "Anauliza, kama huyu si mgeni, basi sisi ni nani?" Kisha akabaki amesimama. Akatafsiri mahubiri mpaka mwisho. Akala Meza ya Bwana. Mimi pia nilikula. Mkate ulikaa mdomoni kama udongo ule wa chumvi, nikaumeza kwa nguvu.

Nyumbani Shangazi alilia kwa sauti, akawalaani wasiojulikana, akatoka kwenda kwa jirani kulilia huko pia. Nyandwi aliketi kitandani bila kuvua viatu. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na nilielewa anachohesabu: mashahidi watatu. Fundi wa mbao hakusali kwetu, na alikuwa ameshahama. Walibaki wawili.

"Yaya," akasema. "Ni nani alisema?"

Nilikuwa nimesimama karibu na magunia. Ningepiga hatua mbili tu na kumshika.

"Sijui," nikasema.

Aliniamini papo hapo. Nimejaribu miaka yote kuukumbuka uso wake ule kwa namna nyingine, nione shaka kidogo ndani yake, lakini haikuwapo. "Hapana, weye haudanganyaki," akasema. "Weye ungeniambia." Kisha akageuza uso kuelekea sebuleni, mahali kilipokuwa kiti cha Shangazi, akasema polepole: "Mdomo wa mama yule."

Sikusema kitu. Kunyamaza kwangu kulikuwa uongo wa tatu, na ndio uliodumu.

Nafasi ile ilirudi ilikotoka. Kabla ya mwezi kuisha Nyandwi alihamia Runingu, akapanga shamba la mpunga, akaolewa, akazaa. Kile alichotaka kujifunza juu ya chumvi alijaribu mwenyewe kwa jembe, mwaka huu akipata, mwaka ule akikosa. Kila mavuno alinitumia mchele. Aliniita yaya mpaka mwisho. Mzee Yosia alikufa bila kumwambia mtu jina langu, kwa sababu ya siri ya toba. Na Shangazi Tabita, aliyempa kipande cha kwanza cha bugali, hakusalimiwa tena na Nyandwi. Alipomtembelea Runingu, Nyandwi alikuwa shambani. Alipongoja, Nyandwi hakurudi. Shangazi alizeeka, akarudi Makobola kwao, na kila nilipokwenda kumwona aliniuliza: "Nilimukosea nini mtoto yule?" Nikajibu: "Ni machungu ya burse, Shangazi. Yatapita." Nilijua hayatapita. Ili yapite ilikuwa lazima niseme, na mwaka hadi mwaka niliona kwamba nikisema sasa, nitaulizwa kwa nini sikusema jana.

Figo zilimuua Nyandwi haraka. Nilifika Runingu akiwa hajui watu tena.

Siku ya tatu ya kilio, saa tatu asubuhi, tulikuwa tumekaa kwenye mikeka sebuleni, wanawake wa karibu, mimi katika nafasi ya dada. Nikasikia sauti nje. Shangazi Tabita alikuwa amekuja kutoka Makobola, amebadilisha gari Uvira, na fimbo yake, amejifunga kikwembe cheusi, anashikwa mkono na kijana wa gari. Mlangoni alisimama Neema, binti mkubwa wa Nyandwi, mwenye miaka kumi na saba, aliyepasi mtihani wa serikali mwaka huu.

"Koko, urudi," Neema alisema, kama tunavyomwita bibi. Hakupaza sauti. "Mama alitukataza. Alisema weye ndiye ulimvunjia masomo kwa mdomo wako."

"Minye?" Shangazi akauliza. Alitazama nyuma yake, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyesimama pale. "Minye, mtoto wangu?"

Niliinuka. Nilimshika Neema mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba, walipokuwa wanapika.

"Si yeye," nikasema. "Ni minye."

"Weye nini, mama?"

"Minye nilisema kwa mzee wa kanisa. Koko wako hakujua kitu mpaka leo."

Neema alinitazama. Ana macho ya mama yake. "Mama alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sijui."

Nilingoja anipige, au alie. Hakufanya lolote. Alipangusa mikono kwenye kikwembe chake ingawa haikuwa na maji, akarudi mbele, akamchukua Shangazi kwa mkono wa fimbo, akamwingiza ndani polepole, watu wakivuta miguu kumpisha, akamkalisha mahali nilipokuwa nimekaa siku zote tatu. Mimi nilibaki mlangoni. Shangazi alipokwisha kutulia alinitafuta kwa macho, akaninyooshea mkono, nikalazimika kwenda na kuchutama mbele yake. Alinivuta karibu na mdomo wake.

"Najua ni weye umenisemea," akaninong'oneza. "Aksanti, Faida. Mungu akubariki."

Wanawake walikuwa wameanza wimbo. Nilingoja umalizike, kwa kuwa Shangazi hasikii vizuri siku hizi. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya kumfikia, na waliokuwa karibu walisikia pia. Nilimwambia habari za juma la toba, za Mzee Yosia, za swali la Nyandwi na jibu langu. Mkono wake ulikuwa umeushika wangu, na hakuutoa. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo alikufa akinichukia?"

Nikasema ndiyo.